Upepo Ulipokatika

Wiki hii mmetuuliza: msafiri wa masafa marefu kwa pikipiki, kule kusikokaa watu, aogope nini zaidi? Najua wengi watataja majambazi na fisi. Mimi hutengeneza pampu za sola za visima kaskazini mwa Kenya, na usafiri wangu ni pikipiki ya cc 150. Jibu langu ni hili: aogope kuanguka polepole akiwa peke yake.

Yalinikuta kati ya Loiyangalani na North Horr. Ni kilomita 90 hivi, na mwanzoni ni mawe meusi ya volkano, ya mviringo kama viazi, gurudumu likiyagusa yanahama. Upepo nao hauna mchezo. Kusini mwa Loiyangalani kuna mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, na waliochagua pale walijua wanachokifuata. Ukielekea North Horr upepo unakupiga ubavu wa kulia, kwa hiyo unaendesha umeilaza pikipiki upande huo, kama mtu anayesukuma mlango. Sasa ukipita nyuma ya kilima upepo hukatika ghafla. Mlango umefunguka, nawe unaangukia kulekule ulikokuwa umeegemea.

Sikufika hata kilomita 20 kwa saa. Sikuvunjika popote. Lakini pikipiki ilinilalia mguu wa kulia, na ekzosi iko kulia. Harufu ya kuungua ilinifikia kabla ya maumivu. Jinzi ilikuwa imegandamana na shavu la mguu. Kifuniko cha tangi kikawa kinadondosha petroli tone baada ya tone, karibu na bomba lile la moto. Nilivua kitambaa cha shingoni nikakizungusha pale kwa kukikaza. Maji yangu, lita 5, yalikuwa kwenye mfuko wa kulia, chini ya pikipiki, na nilikuwa nayasikia yakimwagika mawemawe.

Simu haikuwa na mtandao. Na North Horr hakuna aliyekuwa akinisubiri, kwa sababu sikumwambia mtu kwamba naja.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa limefika utosini alipotokea kijana wa Kigabra nyuma ya ngamia wake. Hakuuliza kitu. Alipenyeza fimbo chini ya pikipiki, akailalia kwa kifua, nami nikachomoa mguu. Alinipa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kisha hakwenda zake. Alikaa nami hadi injini ikawaka. Hatukuwa na lugha moja, na mpaka leo naumia kwamba sikumshukuru nilivyotaka.

Hatari nyingine zipo, sikatai. Petroli ya chupa vijijini ichuje kwa kitambaa kabla ya kuitia tangini. Laga, yaani mto wa msimu, ikiwa kavu inaweza kushuka na maji ilhali juu yako mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha mlimani mbali. Na jangwa la Chalbi likilowa usilijaribu, tope hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ila hayo yote ukiwa na mwenzako ni usumbufu tu.

Mimi kazi yangu hainipi mwenzangu. Kwa hiyo sasa maji nayabeba mgongoni, na kabla ya kutoka nampigia mama mmoja mwenye duka huko niendako, namtajia njia nitakayopita na saa ya kufika. Tumekubaliana: saa kumi ikipita hajaniona, amtume kijana wa bodaboda na gharama ni yangu.

Amemtuma mara moja, mwaka jana. Nilikuwa nimepata pancha ya pili, viraka vimekwisha, nimejibanza kwenye kivuli cha pikipiki yenyewe. Nilipoona vumbi lile linakuja kutoka North Horr, nililia.