Maswali na Majibu: Ukinyimwa Habari na Ofisi ya Umma, Hesabu Siku

Barua za wiki hii karibu zote ni za watu walioomba rekodi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016, wakajibiwa ovyo au wasijibiwe kabisa. Nikisema rufaa hapa chini, nazungumzia ombi la kifungu cha 14: unaitaka CAJ (Commission on Administrative Justice), tume ya malalamiko dhidi ya ofisi za umma ambayo wengi tunaiita Ombudsman, ipitie upya uamuzi wa ofisi.

Niliomba kaunti rekodi za malipo ya mwanakandarasi wa barabara ya wadi yetu. Siku 40 zimepita, kimya. Nisubiri jibu ndipo nikate rufaa? (Msomaji, Kitui)

Usisubiri. Kimya hicho ndicho jibu. Kifungu cha 9 kinaipa ofisi siku 21 tangu ipokee ombi. Zikipita bila neno, sheria inachukulia kwamba umekataliwa. Ofisi inaweza kujiongezea muda mara moja tu, siku zisizozidi 14, ikiwa rekodi ni nyingi mno au kuna watu wa kushauriana nao. Habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48.

Rufaa nayo hupelekwa ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi. Kimya hakiji na tarehe, kwa hiyo jihesabie kwa ukali, kuanzia siku ile ya 21. Barua iliyopokewa Machi 3 inatimiza siku 21 Machi 24, na siku 30 za rufaa zinaisha Aprili 23. Jumamosi na Jumapili zimo. Kwa hesabu hiyo umebakiwa na siku 11. Tume ina uwezo wa kukuongezea muda, lakini sioni faida ya kuanza shauri lako kwa kuomba radhi.

Sasa jambo ambalo hukuuliza: nakala yako ina muhuri wa kupokewa wenye tarehe? Kama haina, ofisi itasema haikuwahi kuiona barua, na siku zako 21 zitakosa pa kuanzia. Hapo ndipo rufaa nzuri hufia. Dawa yake ni kupeleka ombi upya leo, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, tumia anwani rasmi ya ofisi, si ya afisa mmoja unayemjua, na usifute ulichotuma.

Nilimpigia karani simu akasema faili halionekani. Rufaa naianzia wapi? (Nakuru)

Huna rufaa, kwa sababu huna ombi. Ombi ni la maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Hili nimelijibu hadi nimechoka. Asiyeweza kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaruhusiwa kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Wewe umeniandikia mimi barua ya kurasa mbili. Waandikie na wao nusu ukurasa.

Wanataka niseme habari nazitakia nini, tena kwa fomu yao.

Sababu zako haziwahusu. Kifungu cha 4 kinasema hivyo. Na ombi halikataliwi kwa sababu tu hukutumia fomu. Wakikataa kwa hoja hizo mbili, kata rufaa.

Nimejibiwa sentensi moja: habari hii ni ya usalama wa taifa. Basi yamekwisha? (Mombasa)

Hayajaanza. Kifungu cha 6 kina orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na mengineyo. Lakini kutaja jina la kizuizi hakutoshi. Ofisi inatakiwa ikupe sababu za kukataa, na ikueleze kwamba unaweza kwenda kwa Tume. Barua ya sentensi moja haijafanya lolote kati ya hayo, na hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza. Ya pili: madhara yenyewe ni yapi, na yataletwa na ukurasa gani? Ya tatu: manufaa kwa umma. Kama ni pesa za umma, sema ni za mradi gani na nani anazilipa.

Wewe wa Mombasa una mfano mlangoni. Mei 2022 Mahakama Kuu ya hapo iliagiza serikali itoe mikataba ya reli ya SGR, baada ya miaka ya wananchi kuambiwa ni siri. Kipengele cha usiri ambacho ofisi imeandikiana na mwanakandarasi hakiwezi kufuta Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachokupa haki ya kupata habari, hata kikipigwa lakiri.

Nimepewa mkataba, lakini kurasa sita zimepakwa wino mweusi.

Hilo nalo lina rufaa: kifungu cha 14 kinataja waziwazi habari iliyotolewa ikiwa imehaririwa. Usilalamikie mkataba wote. Taja kurasa kwa namba, omba kila doa lipewe sababu yake. Namba ya kitambulisho cha mtu ikifichwa, nyamaza. Bei ikifichwa, piga kelele.

Wamejibu kwamba hawana habari hiyo. (Kisumu)

Nimesoma ombi lako. Uliuliza: "Kwa nini zahanati haijakamilika?" Hilo ni swali la mkutano wa hadhara, na afisa anaweza kukujibu kwa haki kabisa kwamba hana karatasi yenye jibu hilo. Omba rekodi: mkataba, BQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake), hati za malipo, kumbukumbu za ukaguzi wa eneo, kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Usikatie rufaa ombi bovu, andika jingine.

Kama kweli rekodi ziko ofisi nyingine, walipaswa kuhamisha ombi lako ndani ya siku tano na kukujulisha. Wasipohamisha, liweke hilo kwenye rufaa.

Wanadai pesa za "kushughulikia ombi".

Kuwasilisha ombi ni bure. Unalipia nakala tu, tena isizidi gharama halisi. Rufaa kwa Tume pia ni bure, kwa hiyo anayekutoza elfu mbili "kukusukumia faili" anakuibia.

Siwezi kwenda Mahakama Kuu moja kwa moja? (Wawili wameuliza)

Mnaweza kujaribu, mfukuzwe na mlipe gharama. Mahakama hupenda kuona umemaliza njia iliyowekwa na sheria, na njia hiyo inapitia kwa Tume. Mpelekee Ombudsman ombi lenye muhuri, jibu lolote ulilopata, na barua ya ukurasa mmoja: uliomba nini, lini, ulijibiwa nini, unataka Tume iagize nini. Hilo la mwisho watu hulisahau, wakajaza kurasa kumi za hasira dhidi ya gavana.

Tume imeagiza nipewe rekodi, na ofisi haijatikisika.

Angalia tarehe ya agizo. Asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu, iwe ofisi au wewe. Zikipita na hawajakata, omba ruhusa ya Mahakama Kuu agizo litekelezwe kama hukumu yake. Hapo mtafute wakili, na uende naye ukiwa na nakala ile yenye muhuri.