Nikisema nyumbani hatuna hela si watanitupa nje?

Mwezi huu barua zimejaa za vyuo vya nje na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sauti tofauti, nani atalipa. Nimechagua sita. Na nyie mlionitumia picha za pasipoti na vyeti halisi jamani msirudie, nimezifuta zote.

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza sekondari, matokeo yangu ni ya juu sana na walimu wote wananiambia niombe vyuo vikubwa Marekani. Shida rafiki yangu kasema ukitiki kwamba unahitaji ufadhili wanakutoa hapo hapo, eti bora nitiki kwamba najilipia alafu nikishakubaliwa ndo niwaambie hali halisi. Baba ni dereva wa kuajiriwa, mama hana kazi. Nifanyeje? – Mwenye Vyeti Bila Hela

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako kashika mkia akadhani kamshika ng'ombe mzima. Ni kweli kuna vyuo ukiomba hela nafasi yako inapungua, ila hiyo dawa aliyokupa ndo sumu yenyewe. Vyuo vingi vinavyosaidia wageni vina sheria kwamba usipoomba msaada wakati ule ule unaomba chuo basi huombi tena mpaka unamaliza miaka minne, Stanford kwa mfano wameliandika wazi kabisa kwa wasio raia. Sa fikiria umekubaliwa, nyumbani wamepiga vigelegele, bili inakuja dola 80,000 na zaidi kwa mwaka mmoja na huna mlango wa kugonga.

Kinachotakiwa ni kujua chuo kipi kina tabia gani. Kuna wachache ambao hawaangalii mfuko wako wanapoamua kukuchukua ata kama ni mgeni, wenyewe wanaita nidi-blaindi, na wakishakuchukua wanajaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa nyumbani. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ndo wa siku nyingi kwenye hilo, Dartmouth na Bowdoin wakaingia 2022, Brown wakaanza na wanafunzi wa 2025. Kwa hao kutiki kwamba unahitaji hela hakukupunguzii kitu. Harvard wametangaza kuanzia mwaka wa masomo 2025-26 familia yenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini, kama haina mali nyingi pembeni, haichangii hata senti, na dereva wa kuajiriwa mwenye mke asiye na kazi nadhani hajafika huko.

Alafu kuna kundi ambalo kwa wageni wanaangalia mfuko kabla ya kuamua, ila wakikuchukua wanalipa pengo lote: Stanford wenyewe, Columbia, Cornell, Duke, Williams, na vyuo vidogo vingi ambavyo hujawahi kuvisikia na ndo vinavyopokea watoto kama wewe kila mwaka. Hapa rafiki yako yuko sahihi kwamba ushindani ni mkali zaidi. Bado unaomba, bado unasema ukweli.

Kundi la tatu ndo linaloumiza watu. Vyuo vyenye jina kubwa vinavyokukubali kwa mikono miwili na havina hela ya mgeni. Berkeley na UCLA kila mtu anaviweka kwenye listi, lakini mfumo mzima wa University of California hauna msaada wa kumsaidia mgeni kwa sababu ya umasikini wake. Mi mwenyewe mwaka wa kwanza niliomba vyuo kumi kwa kufuata majina, vikanikubali viwili, kimoja kikaniletea barua nzuri yenye pengo la dola elfu ishirini na mbili kwa mwaka. Ile barua niliiweka chini ya godoro miezi mitatu kama vile hela itaota. Mwaka uliofuata nilianza listi upya na swali la kwanza kwa kila chuo likawa mgeni mnamlipia au hamumlipii, jina baadaye. Na ndo nikasoma.

Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, inakuruhusu mpaka vyuo 20 lakini usijaze 20, kila kimoja kina esei zake na utachoka utaanza kukopi. Vinane mpaka kumi na mbili vinatosha, na usiviweke vyote kwenye lile kundi la kwanza manake wanachukua asilimia ndogo sana ya wanaoomba, ata wenye alama kamili wanarudishwa. Angalia na Berea kule Kentucky, chuo cha tangu 1855, hakuna mwanafunzi anayelipa ada ya masomo, kila mtu anafanya kazi walau masaa kumi kwa wiki, na wageni wote wanaowachukua wanagharamiwa mwaka wa kwanza. Jina halitamshtua jirani yako lakini jirani yako halipi ada.

SWALI: Dada naomba msaada nimekwama kwenye fomu ya kuombea ufadhili wa vyuo, CSS Profile. Inauliza kipato cha wazazi, kodi, akiba, thamani ya nyumba. Mama anauza biashara ndogo ndogo hana slipu ya mshahara hajawahi kujaza kodi, na baba hatuko naye. Alafu mwishoni wanataka nilipe dola. Niweke sifuri kote? – Nimekwama

JIBU: Pole, hiyo fomu ilitungwa na watu ambao kila mzazi wanayemjua ana slipu. Kwanza kabla ya kujaza angalia kama chuo chako kinaitaka kweli, vingine vina fomu yao ya bure kwa wageni. Na FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, ukiiona achana nayo, ni ya raia na wakazi wa kudumu.

Hela ya fomu ni dola 25 chuo cha kwanza na 16 kila kinachofuata. Msamaha wa moja kwa moja ni wa familia za Marekani, lakini vyuo vingi vina namba za msamaha ukiwaandikia. Andika imeili fupi, mimi ni fulani, naomba chuo chenu, familia yangu haiwezi kulipa hii ada, mnaweza kunipa namba ya msamaha au fomu mbadala. Sentensi tatu. Usiwaelezee msiba. Na ile ada ya aplikesheni yenyewe ndani ya Common App kuna sehemu ya kuomba isamehewe, mshauri au mwalimu wako anathibitisha, imeisha.

Sasa sifuri. Usiweke sifuri kote. Anayesoma ile fomu anapiga hesabu, kipato sifuri matumizi sifuri na mko hai watu wanne, atajiuliza mnakula nini. Kaa na mama jioni moja mhesabu, siku nzuri anaingiza kiasi gani, siku mbaya kiasi gani, siku ngapi kwa mwezi haendi kabisa, mpate makadirio ya mwaka. Weka kwa hela ya nchi yako kama fomu inavyotaka, usigeuze dola kichwani. Kama matumizi yanazidi kipato, na mara nyingi kwetu yanazidi, kuna sehemu ya maelezo, andika pale kwamba mjomba analipa umeme, chakula kingine mnalima, nyumba ni ya bibi. Mama aandike barua kwa mkono wake kueleza biashara yake aisaini, wewe uitafsiri, na kama kuna kiongozi wa eneo anayeweza kuthibitisha apige muhuri. Kuhusu baba, vyuo vingi vinataka na mzazi asiyekuwepo ajaze, ila kuna ombi la kusamehewa hilo na wanaotaka wathibitishe ni mtu wa nje ya familia, mwalimu au kiongozi wa dini anayejua historia yenu.

Ile sehemu ya mzazi ataweza kuchangia kiasi gani ndo watu wanadanganya kwa aibu. Mi niliandika namba kubwa niliyoiona kwa mwenzangu nikidhani sifuri itanidhalilisha, na ndo namba waliyonipangia. Andika ile ambayo mama akiitoa mtakula kesho yake.

SWALI: Kwenye esei niandike kuhusu umasikini wetu au nifiche? – Bila jina

JIBU: Wala usifiche wala usiuze. Hali yenu fomu ya hela imeshasema. Esei kubwa ina maneno 650 tu, ukitumia 600 kuelezea njaa wameijua njaa yako hawajakujua wewe. Kama kila asubuhi unachota maji ndo uende shule na njiani unajipa mahesabu ya kichwa kwa kuhesabu hatua, hiyo naisoma mpaka mwisho. Ila kuna sehemu nyingine watu wanaipita: listi ya shughuli, nafasi kumi. Kulea wadogo zako, kumsaidia mama biashara, kibarua cha likizo, vyote vinaingia pale na vina masaa yake kwa wiki, kuna mpaka kipengele cha majukumu ya familia. Nimeona kijana kaacha nafasi saba wazi kisa shule yao haina klabu, na yeye ndo aliyekuwa analea watoto watatu!

SWALI: SAT ni lazima? Hela ya mtihani ni kubwa kwetu. – J.

JIBU: Inategemea chuo na wanabadilisha kila mara. MIT waliirudisha 2022, Harvard, Dartmouth na Brown nao wakafuata, Yale wanapokea SAT au mwenzake ACT, na vilevile mitihani ya masomo ya AP au IB. Amherst na Bowdoin si lazima. Kujiandaa ni bure, Khan Academy wana masomo na programu ya Bluebook, ile ya kufanyia SAT yenyewe, ina mitihani kamili ya majaribio. Jisajili mapema nafasi za vituo zinajaa, na ulizia ofisi ya EducationUSA iliyo karibu, ni ya serikali ya Marekani, ushauri ni bure na sehemu nyingine wana mfuko wa kulipia mitihani na maombi kwa wanaofaulu wasio na uwezo.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mzazi. Kuna ajenti ananihakikishia mwanangu atapata chuo kikubwa na skolaship asilimia mia, anataka nusu ya hela kwanza, na esei watamwandikia wao. Tayari nimeanza kuuza vitu. – Baba wa Watatu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Simamisha kuuza leo. Hakuna binadamu anayeweza kuhakikisha nafasi kwenye vyuo hivi, watoto wa matajiri wenyewe wanakataliwa kila siku. Msaada wa hela unatolewa na chuo kwa kuangalia kipato chako, hauna dalali. Na esei iliyoandikwa na mtu mwingine ni udanganyifu, ikigundulika ata baada ya kukubaliwa nafasi inafutwa. Kama ameshachukua kitu mdai kwa maandishi, na kama ana paswedi ya akaunti ya mtoto ibadilisheni usiku huu huu manake ajenti wengine wanashikilia akaunti ili mlipe zaidi.

Na kitu kimoja nakuomba mzee wangu, hiyo hela iliyobaki iweke. Mtoto akipata chuo kweli itahitajika, soma barua inayofuata.

SWALI: Dada siamini!! Nimepata chuo kwa EDI, wanalipa kila kitu ada chumba chakula bima. Mama kalia mpaka majirani wakaja. Sasa naogopa viza na sijui kama kuna gharama wameficha. – Bado Natetemeka

JIBU: Hongera sana mdogo wangu, mpe mama salamu! Kwa wengine mnaosoma, EDI ni ile ya kuomba mapema chuo kimoja tu kwa mkataba, mwezi wa 11 hivi, majibu Disemba, ukichukuliwa unafuta vingine vyote. Kwa asiye na hela ni salama pale tu chuo kinapolipa pengo lote, manake unapoteza nafasi ya kulinganisha ofa. Ikija ofa isiyotosha unaweza kuomba wakuachie, usione aibu. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wao wa mapema hawakufungi.

Haya turudi kwako. Hawajaficha ila kuna vitu havimo. Chuo kitakutumia I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, ukiipata unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wageni, alafu ada ya viza dola 185, hizo mara nyingi ni juu yako, ila andikia ofisi ya misaada waulize, wengine wana mfuko wa safari na ukinyamaza hawakumbuki. Kwenye intavyuu ofisa anaanza na dhana kwamba unataka kuhamia, sheria yao ndo inasema hivyo, kwa hiyo jibu mafupi ya kweli: unasoma nini, nani analipa, ukimaliza unataka kufanya nini kwenu. Barua ya ufadhili iwe juu ya faili. Usikariri majibu ya mtandaoni, wameshayasikia asubuhi hiyo hiyo mara ishirini.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kodi. Sehemu ya skolaship inayolipa chumba na chakula kwa mwenye viza ya mwanafunzi (F-1) inahesabika kama kipato, na wanakata asilimia 14 isipokuwa nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani. Mi nilikuta deni kwenye akaunti yangu wiki ya tatu nikadhani wamenifukuza. Vyuo vingine vinakulipia hiyo kodi, vingine vinakuachia ulipe kwa kazi za kampasi, na kazi hizo wakati wa masomo zisizidi masaa 20 kwa wiki. Kwa hiyo leo kabla hujakata tiketi waandikie maswali matatu: ile asilimia 14 ya chumba na chakula nani analipa, likizo ya Disemba mabweni yakifungwa nalala wapi, na koti la baridi mnasaidia? Hilo la koti usicheke, vyuo kibao vinatoa.