Ukiokota ganda porini, mtafute kwanza mama yake

Kuna siku tulienda kutembea msitu wa Pugu, nikaona ganda limejikunja kama herufi S, rangi ya dhahabu, lina vinyoya laini kama velveti, nikalikamata mkono mzima. Nimeyatimba. Ulikuwa upupu aisee, nikavua mpaka shati mbele za watu na kadri unavyojikuna ndo unavyousambaza, mpaka mama mmoja anayeuza mihogo pale njiani akanipaka majivu huku anacheka, "We mwanangu, umekulia wapi wewe?"

Nimekulia hapahapa Dar, na upupu naujua, shuleni tulikuwa tunamwagiana. Ila nilikuwa naujua kama muwasho, sio kama mmea. Ningeinua macho ningeona ule mmea unaotambaa, majani matatu matatu kama ya kunde, nisingegusa.

Tangu siku hiyo nikiona ganda siliokoti kwanza, namtafuta mama yake. Jani limekaaje, moja moja au mawili yanatazamana, kuna miba, ukikata kikonyo kunatoka utomvu mweupe? Napiga picha ya jani juu na chini, gome, tunda, na mti mzima. Zile programu za simu ukizipa picha ya ganda tupu zinabahatisha tu, ukiweka na jani na ua angalau zinakaribia.

Ufukweni ndo kazi, maana mama anaweza kuwa mbali. Kunduchi niliokota kitu cha kahawia kina pembe pembe, nikadhani kipande cha mbao. Baadaye sana nikiwa kwenye mikoko nikakuta tunda kama mpira limepasuka, ndani mbegu zimepangana kama zile picha za watoto za kuunganisha vipande, na kila moja ni kama ile yangu. Mkomafi! Siku nyingine nikaokota kijiwe cha kijivu chepesi, nikampelekea mzee mmoja kwenye kijiwe cha bao, hata hakukishika. "Si komwe hiyo, babu." Kete 64 zilikuwa mbele yake, zote komwe, na mimi namwonyesha moja kama nimegundua almasi. Mama yake ni kichaka cha miba, hadi ganda lenyewe lina miba.

Wazee waulizeni, ila mjue mmea mmoja Mzaramo ana jina lake na Mdigo ana lake, kwa hiyo jina peke yake msilimalize nalo. Ukikwama kabisa kausha tawi lenye ua au tunda ndani ya gazeti, andika tarehe na mahali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hebaria ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Halafu jamani turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi wanazotungia shanga. Ni nzuri balaa lakini ikitafunwa sumu yake inaua, na mtoto anaona pipi tu. Mbarika nao hivyohivyo. Mimi kwangu haziingii ndani.

Sasa hivi nina ganda moja la msitu wa Pande nililiweka dirishani, mama yake sijampata, lilikuwa kwenye mti mrefu sikuona majani vizuri. Juzi usiku likapasuka lenyewe, paa, wife akashtuka akajua mwizi, mbegu moja tumeikuta chini ya friji.