Maswali yenu ya nywele: kabla hujakata tiketi ya Istanbul

Wiki hii meseji zimejaa nywele tupu, na nusu yake ni swali lile lile, "kupandikiza nywele ni shilingi ngapi". Nimelijibu mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa kirefu, baada ya hapo mtu akiniuliza bei bila kuniambia kwa nini nywele zimemtoka, simjibu.

*Shikamoo dada. Nina miaka 34, nywele zimerudi nyuma pande zote mbili na utosini pameanza kung'aa. Rafiki yangu amefanya Istanbul katoka vizuri. Na mimi niende? Bei?* (Kaka wa Mwanza)

Marahaba kaka. Kwa maelezo yako huo ni upara wa kurithi, na msidanganyane kwamba unatoka kwa wajomba tu, hata kwa baba unakuja. Kuna homoni inatokana na testosteroni inaitwa DHT, hiyo inayabana mashina ya mbele na ya utosini, kila unywele ukidondoka unaofuata unaota mwembamba zaidi, mpaka mwisho unabaki na vinywele vya malaika. Mashina ya kisogoni hayasumbuliwi na homoni hiyo. Daktari mmoja wa New York, Norman Orentreich, ndiye aliyelionyesha hilo miaka ya 1950, kwamba shina la kisogoni ukilihamishia mbele linaendelea kuota kama vile halijahama, na upasuaji wote wa nywele mpaka leo umesimama hapo hapo. Kwa hiyo elewa, hakuna nywele mpya inayotengenezwa, inahamishwa ya kwako mwenyewe, na kisogo kina mwisho. Miaka 34 upara wako bado unatembea. Ukikimaliza kisogo sasa hivi kwa kujaza mbele, ukifika 45 utosi wote umeondoka na huna pa kuchota.

Njia ziko mbili. Wanakata ukanda wa ngozi kisogoni wanashona, unabaki na mstari wa kovu, au wanatoboa shina moja moja kwa kitobozi kisichofika milimita moja. Wengi mnataka hiyo ya pili kwa sababu haina mstari. Sawa, lakini nywele zetu hazijikunji juu tu, shina lenyewe ndani ya ngozi limepinda kama ndoano, na fundi aliyezoea nywele zilizonyooka akizamisha kitobozi wima analikata katikati, kisogoni limetoka na mbele halioti tena. Nilimkagua kijana aliyerudi hivyo, kisogo chake kilikuwa kama shamba la mahindi lililopitiwa na ngedere, kimebaki vidoti vidoti vyeupe vya kovu, na mbele ziliota chache za kuhesabu. Alikuwa kauza pikipiki.

Kwa hiyo kabla ya bei uliza haya. Daktari ameshafanya vichwa vingapi vya kipilipili? Atakutolea kwanza mashina machache ya majaribio aone yanatokaje? Na kitobozi anashika nani? Maana kliniki nyingi za bei rahisi daktari anachora mstari kwenye paji anaondoka, wanaobaki ni mafundi, na chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji huu kinalipigia kelele jambo hilo kila siku. Kama ulishawahi kupata kovu likavimba, kwenye sikio, kidevuni, popote, sema kabla hawajakugusa. Na ukifanya, nywele zilizopandwa zitadondoka wiki chache za mwanzo, usipige kelele, shina limebaki, zinaanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne na mwaka ukipita ndiyo unajua umepata nini.

*Minoxidil nikiacha zitadondoka tena?*

Ndiyo, ndani ya miezi michache tu. Ilikuwa dawa ya presha, wakaona wagonjwa wanaota nywele, 1988 Marekani wakaruhusu wanaume wapake kichwani. Inafanya kazi kwa mwenye shina hai anayeipaka kila siku. Ukiongeza vidonge vya finasteride, vile vya kupunguza DHT, pita kwa daktari kwanza, wengine vinawapunguzia hamu ya tendo, na mwanamke anayeweza kushika mimba asivimeze.

*Nimejifungua miezi mitatu iliyopita, kila nikichana chanuo linajaa.*

Hongera mama. Hizo ni nywele zilizokuwa zimezuiwa na mimba, sasa zinatoka kwa pamoja. Mara nyingi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Kula vizuri, pima damu kama unachoka sana, na usinunue mafuta ya mtu yeyote.

*Mtoto ana duara kichwani halina nywele, linatoa magamba. Nipake nini?*

Mapunye hayo. Ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake, anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, mpeleke hospitali, na mashine ya kunyolea msigawane.

*Dada mimi ni mwanamke, utosi unawasha na unapungua taratibu kuelekea pembeni. Msusi kasema ni dawa ya nywele, niache tu.*

Usingoje. Kwa wanawake weusi kuna ugonjwa unaoanzia utosini na kutambaa hivyo hivyo, unaua shina na kuacha kovu, na lililokufa halifufuliwi na karafuu wala kitunguu. Muulize mama na mama wakubwa kama walikuwa nao, 2019 watafiti waliukuta unahusiana na hitilafu ya jeni inayoitwa PADI3. Nenda kwa daktari wa ngozi achukue kipande kidogo akipime. Ukipandikiza wakati ugonjwa unawaka, unazika mashina yako mazima.

*Nywele za mbele zimekwisha, nina miaka 29, nasuka na navaa wigi la gundi. Naweza kupandikiza? Na mwanangu wa miaka 5 akisukwa analia, msusi anasema atazoea.* (Mama wa Tanga)

Mama, nimesuka saluni miaka mingi kabla sijasomea ngozi, na hilo neno "atazoea" nimelisema mwenyewe kwa watoto wa watu, linaniuma mpaka leo. Wewe kupandikiza inawezekana, sehemu za mbele zilizoliwa na kuvutwa zinakubali, ila mpaka ukae mwaka mzima bila rasta nzito, bila gundi, bila kubana, na daktari ahakikishe hazipungui tena. Ukipandikiza ukarudi kwenye gundi zitang'oka kama zile za kwanza.

Mtoto ndiye wa haraka. Msimamishe dirishani, tazama kwenye mstari wa mbele na juu ya masikio. Ukiona vijipele vyeupe kwenye mizizi ya msuko, au ngozi imenyanyuka kama vihema vidogo, hapo shina linavutwa, na kwa umri wake likiachiwa sasa linarudi. Akifika umri wako litakuwa kovu. Fumua leo hii, usingoje Jumamosi.