Tarizi za hariri za Uajemi: geuza nyuma kwanza

Nimenunua kitambaa cha tarizi cha Rasht, Uajemi, kwa jina la hariri, lakini kinakwaruza kama blanketi. Nimepunjwa?

Hapana. Hariri ni uzi wa kudarizia tu. Kitambaa chenyewe ni sufu nzito, mara nyingi nyekundu au nyeusi, ambayo Waajemi huiita mahut. Mji wa Rasht uko Gilan, mkoa wa wafugaji wa viwavi vya hariri, na kazi hii ilishamiri huko karne ya 19.

Nitajuaje kama ni kazi ya mkono?

Fundi huwamba kitambaa, hushika uzi kwa chini, kisha huchoma kulabu kutoka juu na kuvuta kitanzi. Kila kitanzi hupita ndani ya kilichotangulia. Kazi hiyo huitwa qollabduzi, na qollab ndiyo hiyo kulabu yetu. Sisi na wao tumeipata kwa Waarabu. Juu utaona mnyororo, nyuma mstari mmoja wa mishono mifupi. Mashine ya kulabu nayo huacha alama hizohizo, kwa hiyo angalia penye kona kali: mkono hufupisha vitanzi, mashine kwa kawaida haijali. Ila usivute ncha iliyochomoza. Ikiwa ndiyo mwisho wa mnyororo, ua zima litafumuka mkononi mwako.

Zambarau imepauka juu, nyuma bado inang'aa. Kwa nini?

Yaelekea ni rangi ya kiwandani iliyoliwa na mwanga. Zambarau ya kwanza ya aina hiyo ilitengenezwa 1856. Kama rangi ndiyo hiyo na uzi ni wa tangu mwanzo, haukuongezwa baadaye, tarizi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo.

Mbona nyuzi nyeusi pekee ndizo zinazomong'onyoka?

Nyeusi ya zamani ilipikwa kwa tanini (dawa ya mimea, kama ya magome) na chuma, na chuma huila hariri taratibu. Hakuna dawa ya kuirudisha. Usifue. Funika kwa wavu mwembamba wa hariri, uushone kandokando. Sindano ipite kwenye sufu, si kwenye uzi uliooza.

Kipande changu cha maua ya mshazari kimekatwa pande zote. Kimeharibiwa?

Huenda ni naqsh, yaani mguu wa suruali ya kike: pamba iliyofunikwa yote kwa mishono ya hariri. Mtindo ulipobadilika, suruali zilikatwa na vipande vikauzwa Ulaya. Usikate hata uzi zaidi.

Nondo je?

Wanafuata sufu. Funga kitambaa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kitoe na ukiache siku nzima kirudie joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu utatua juu ya hariri. Baadaye kizungushe kwenye bomba pana lililovikwa karatasi isiyo na asidi, tarizi ikiwa upande wa nje.