Kwa nini maji ya Tandale yalinigharimu kuliko ya Goba?

SWALI: Tulipanga chumba Tandale kwa miaka saba, sasa tumehamia Goba. Nilijiandaa kwa gharama kubwa, lakini maji na umeme vimeshuka. Tandale ndoo ya lita 20 ilikuwa shilingi 100. Huku bili yangu ya maji haifiki 2,000 kwa uniti. Mume wangu anashikilia kuwa uswahilini ndiko maisha rahisi. Nani yuko sahihi? Mama wa watoto wawili, Goba.

JIBU: Dada, wote mko sahihi. Yeye anahesabu hela inayotoka kwa siku, wewe unahesabu bei ya kipimo.

Tuanze na maji. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Kwa shilingi 100 kila ndoo, Tandale uniti ilikugharimu 5,000, tena ukiibeba kichwani. Si Dar es Salaam peke yake: ripoti ya mwaka 2006 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilionyesha kuwa wakazi wa mitaa duni ya Nairobi, Jakarta na Manila walilipia maji mara tano hadi kumi ya wenzao wenye kipato wa miji hiyo hiyo. Bomba likikosa kufika ndani, kila mkono unaopitisha maji unachukua chake.

Umeme ndio unaoniuma zaidi, maana hapa sheria iliyowekwa kumsaidia mnyonge inamkosa. Mteja wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wa T1, kundi la matumizi ya kawaida yanayozidi hapo, hulipa 292. Kodi na tozo zikishaongezwa, shilingi 9,150 humpa wa D1 uniti 75, na wa T1 kama 25 tu. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita yenye Luku moja. Kila mpangaji akitumia uniti 20, jumla ni 120, na nyumba nzima iko T1. Mwenye taa mbili na redio analipa bei ya mwenye friji na kiyoyozi. Mita ndogo za ndani hazisaidii hapo. Zinagawa deni tu, kundi linabaki la mita kuu.

Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima na sukari ya robo ni hadithi hiyo hiyo. Simlaumu Mangi wa dukani: naye hununua kidogo kidogo, analipia guta kutoka Kariakoo, na anabeba madeni ya daftari. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua gunia, hata akijua fika kuwa gunia lina nafuu.

Mumeo naye ana hoja. Kodi ya chumba Tandale haiwezi kulingana na ya nyumba nzima Goba. Kule mnatembea hadi sokoni, nyanya za fungu ziko mlangoni. Huku kuna bodaboda hadi barabara kuu, kisha daladala, asubuhi na jioni. Andikeni nauli ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea kubishana.

Na kama mna ndugu waliobaki Tandale, waambie wamuulize mwenye nyumba kuhusu kuomba TANESCO mita ya pili, ili kila mita isivuke uniti 75, wachangie gharama. Mkaa nao, wapangaji watatu wanaweza kununua gunia moja na kugawana.