Chromebook ya mtumba: maswali yenu kabla ya kutoa hela

Nimeona Chromebook Kariakoo, bei ni ndogo kuliko laptopu ya Windows. Mbona rahisi hivyo?

Ni laptopu zinazotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS badala ya Windows, na nyingi zimetengenezwa za bei nafuu tangu mwanzo. Nyingi zina memori ya GB 4, hifadhi ya GB 16 au 32 na prosesa ndogo kama Celeron, kwa sababu kazi hufanyika ndani ya kivinjari cha Chrome na faili hukaa Google Drive. Kwa barua pepe, kuandika, YouTube na kujaza fomu za mtandaoni, hiyo inatosha. Mtego uko kwingine: nyingi za mtumba zilikuwa mali ya shule za nje, hasa Marekani.

Shule husajili mashine zake kwenye mfumo wa usimamizi, na kumbukumbu ya usajili hukaa kwenye seva za Google, si ndani ya mashine. Ndiyo maana kufuta kila kitu hakusaidii. Jaribu hivi mbele ya muuzaji: kwenye skrini ya kuingia bonyeza Ctrl+Alt+Shift+R, fanya Powerwash (kufuta kila kitu na kuanza upya), kisha iunganishe na hotspoti ya simu yako. Ikidai usajili wa taasisi, irudishe mezani. Mwenye uwezo wa kuiachia ni msimamizi wa shule ile tu. Fundi akikuambia "hiyo naitoa", huenda ataiweka katika hali ya wasanidi programu (Developer mode), inayozima ukaguzi wa mfumo. Kila ukiwasha utakuta ujumbe "OS verification is OFF", na mtoto akibonyeza Space kisha Enter, data yote imekwenda na usajili unarudi palepale.

La pili ni tarehe. Ingia kwa akaunti yako, fungua Mipangilio, Kuhusu ChromeOS, Maelezo ya ziada, uone mwisho wa masasisho. Zilizotoka kuanzia 2021 hupewa miaka 10, lakini huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, wala si siku uliyolipa. Za kabla ya hapo, baadhi huongezewa muda ukikubali kwenye ukurasa huohuo, ila unaweza kupoteza programu za Android. Tarehe ikishapita mashine haizimiki. Kivinjari ndicho kinachozeeka, na tovuti zinaanza kukikataa moja baada ya nyingine. Ikiwa imebaki miaka chini ya mitatu, sisi tungeiacha hata kwa punguzo.

Mwisho betri: chomoa chaja, bonyeza Ctrl+Alt+T, andika battery_test 60, bonyeza Enter. Baada ya dakika moja utaona afya ya betri kwa asilimia.

Niko kijijini, mtandao unakuja na kuondoka. Si itakuwa sinia tu?

Haitakuwa, mradi uiandae mapema. Ukiwa bado na mtandao, fungua mipangilio ya Google Drive kwenye Chrome na uwashe matumizi ya nje ya mtandao, kisha weka alama ya kupatikana nje ya mtandao kwenye faili unazozihitaji. Gmail nayo hutunza barua za siku 7, 30 au 90. Wengi hukwama kwa sababu wanakumbuka kufanya hivyo bando likishakata. Hotspoti ya simu iweke kama mtandao unaolipiwa kwa kipimo (metered), kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ili masasisho yasimeze bando lako kimyakimya.

Natumia QuickBooks ya kusakinisha (ya hesabu za biashara) na SPSS (ya takwimu). Zitaingia?

Hapana. Mafaili ya .exe, yaani programu za Windows, hayafanyi kazi kwenye ChromeOS. Mashine nyingi zinakubali Linux (mfumo mwingine wa bure), na humo utapata LibreOffice ya ofisi au R ya takwimu, lakini mfumo huo unataka takriban GB 10 za hifadhi. Kwenye mashine ya GB 16, usijisumbue.

Niko Nairobi. Naweza kujaza ritani ya kodi ya KRA?

Ritani ya sifuri (ya asiye na mapato) unaijaza moja kwa moja kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, haina shida. Shida iko kwenye fomu ya Excel ya kupakua, kwa mfano ya mwenye biashara. Fomu hiyo inaendeshwa na makro (amri ndogo zilizo ndani ya faili), na Google Sheets haiendeshi makro za Excel. Itafunguka vizuri, utaandika takwimu zote, kisha kitufe cha kuhakiki hakitafanya lolote. Excel ya mtandaoni nayo ni hivyohivyo. Kwa siku hiyo moja azima laptopu ya Windows au nenda saiba.

Printa je?

Zenye Wi-Fi za miaka ya karibuni hujitokeza zenyewe kwenye orodha. Za kuogopa ni leza ndogo za zamani za USB zinazotegemea draiva ya Windows. Ibebe Chromebook hadi ilipo printa ujaribu ukurasa mmoja kabla ya kulipa.

Nikishanunua, naweza kuongeza memori?

Kwa nyingi hapana, imechomelewa kwenye bodi. Kwa GB 4, kaa na tabo saba au nane, na usifungue tabo nyingine ukiwa kwenye mkutano wa video. Filamu na picha ziweke kwenye SD kadi kama mashine ina tundu lake. Angalia pia chaja: ya USB-C ya wati 45 inapatikana madukani kirahisi, ila zile za pini nyembamba hutofautiana umbo na volti, kwa hiyo chukua mashine pamoja na chaja yake.